Namna ya Kuliandaa Kundi kwa Mgomo wa Kukaa: Mafunzo ya James Lawson huko Nashville

Anayetaka kuongoza watu kupinga ubaguzi wa rangi bila kutumia nguvu, kwa mgomo wa kukaa, yaani kuketi mahali wanapokataliwa huduma bila kuondoka, aanzie katika chumba cha mazoezi, si barabarani. Ndivyo alivyofanya James Lawson, Mmethodisti aliyekubali kufungwa gerezani kuliko kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Korea, kisha akaishi India na kujifunza mbinu za Gandhi, kabla ya kuhamia Nashville, Tennessee, nchini Marekani, mwaka 1958.

Chagua kwanza mahali ambapo dhuluma inaonekana wazi. Wanafunzi wa Lawson walichagua kaunta za chakula katika maduka ya mjini, kwa sababu mwenye duka alipokea fedha za mteja mweusi kwa kila bidhaa ila hakumruhusu kuketi ale. Mwishoni mwa 1959 walikwenda wachache, wakanunua kitu, wakaketi, wakakataliwa, wakamuuliza msimamizi sababu kwa adabu, wakaondoka. Hatua hiyo isirukwe.

Kazi kubwa ni mazoezi. Panga viti kwa safu kama kaunta. Baadhi ya wanakundi wajifanye wahuni, watukane, wavute nywele, wapulize moshi usoni, wamwangushe aliyeketi. Naye ajifunze kujikunja huku akikinga kichwa, na wenzake wajifunze kujiingiza kati ili kipigo kisimwangukie mmoja peke yake. Rudieni hadi hasira ichoke. Atakayeshindwa kujizuia asiaibishwe. Apewe kazi ya kuendesha gari au kupeleka habari. Lawson mwenyewe, alipotemewa mate na kijana mmoja, alimwomba leso, akajifuta, kisha akamuuliza kuhusu pikipiki yake. Utulivu wa namna hiyo, kwa maoni yangu, haupatikani kwa hotuba.

Andikeni kanuni fupi ambazo kila mtu atabeba. Za Nashville, zilizoandikwa na wanafunzi John Lewis na Bernard Lafayette, zilikataza kujibu kipigo au tusi, na zilimtaka mtu aketi wima akiikabili kaunta na asiondoke bila ruhusa ya kiongozi wake.

Andaa pia zamu. Tarehe 27 Februari 1960 polisi walipowakamata walioketi, wengine waliingia kushika viti vilevile. Waliokamatwa walikuwa takriban 80, na wengi walichagua jela badala ya kulipa faini. Mwalimu naye asihodhi uongozi: maamuzi yalikuwa ya kamati ya wanafunzi, akiwemo Diane Nash, hata kazi ikaendelea Lawson alipofukuzwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwezi Machi.

Kukaa kuambatane na kususia maduka, maana mauzo yakishuka mwenye duka hutafuta mazungumzo. Yakifika hapo, kubalianeni siku ya kwanza ya kuhudumiwa, kama ilivyokuwa tarehe 10 Mei 1960: wateja weusi waliingia wachache wachache, kimyakimya, wakaagiza chakula.