Somo: Kupima kama kemikali inaongeza kipokezi cha LDL kwenye utando wa seli

Swali linalorudi kila mara ni hili: nitajuaje kwamba kemikali niliyonayo inaamsha jeni ya protini iliyopenya utando wa seli? Nitatumia kipokezi cha LDL (chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu), maana njia yake imechimbuliwa karibu yote, na ukiimudu hii utaimudu nyingine.

Kwanza elewa kinachotokea ndani. Seli ya ini ikipungukiwa kolesteroli, protini iitwayo SREBP-2 huachiliwa kutoka kwenye retikulamu ya endoplazimu, huenda Golgi, hukatwa na vimeng'enya viwili, kisha kipande chake huingia kwenye kiini na kuamsha LDLR, yaani jeni ya kipokezi cha LDL. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, huzuia kimeng'enya HMG-CoA reduktazi, kiungo muhimu cha kutengeneza kolesteroli. Seli inahisi njaa, inatoa vipokezi vingi zaidi kunyaka LDL iliyo nje. Akira Endo alipata statini ya kwanza, kompaktini, kwenye kuvu Penicillium citrinum katika miaka ya 1970. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua kipokezi chenyewe, walipewa Nobel mwaka 1985.

Hatua ya 1: Waandae seli kwa njaa. Tumia HepG2, seli za ini zinazokuzwa maabara. Siku moja kabla ya dawa, badilisha seramu ya kawaida uweke seramu iliyoondolewa lipoprotini. Usiiruke hatua hii. Mimi niliwahi kupoteza wiki tatu nikilaumu dawa, kumbe seramu kamili ilikuwa inawalisha seli kolesteroli na SREBP-2 imetulia kimya.

Hatua ya 2: Dawa na vidhibiti. Atorvastatini ya mikromola 1 hadi 10, saa 16 hadi 24, inatosha kuanzia. Kisahani kisicho na dawa lazima kipate DMSO, kiyeyushi cha dawa, kiasi kilekile, nami sivuki asilimia 0.1. Weka kisahani cha 25-haidroksikolesteroli, ambayo inazima njia hii, na kingine chenye statini pamoja na mevalonati, zao la kimeng'enya kinachozuiwa na statini. Mevalonati ikirudisha usomaji wa jeni chini, umethibitisha kwamba statini ilifanya kazi kupitia kimeng'enya chake na si kwa sumu. Pima pia uhai wa seli.

Hatua ya 3: RNA. Toa RNA, safisha DNA kwa DNAsi, tengeneza cDNA (nakala ya DNA ya RNA hiyo), endesha qPCR, kipimo cha wingi wake. Kila sampuli iwe na mwenzake asiyewekewa kimeng'enya cha kugeuza RNA, ili uone kama DNA imebaki. Hesabu iko hivi (Ct ni mzunguko wa qPCR ambapo ishara huanza kuonekana; kila mzunguko huongeza maradufu, hivyo Ct ndogo ni RNA nyingi): bila dawa, LDLR ina Ct 24.0 na jeni ya rejea 18.0, tofauti 6.0. Penye dawa LDLR ni 22.5 na rejea 18.0, tofauti 4.5. Umeshuka 1.5, na 2 kwa kipeo cha 1.5 ni kama mara 2.8. Tumia jeni mbili za rejea, na hakikisha hazitikiswi na dawa yenyewe.

Hatua ya 4: Ifuate protini mpaka juu ya seli. Hapa ndipo wengi wanaposimama mapema. RNA mara 2.8 haisemi kwamba vipokezi vilivyo juu ya seli ni mara 2.8. Kwenye westani bloti, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa, utaona mistari miwili: mmoja karibu na kilodaltoni 120, ambao ni kipokezi kichanga, na mwingine karibu na 160, kilichokwisha kuvikwa sukari zake. Mstari wa 120 ukinenepa huku wa 160 umebaki vilevile, protini imekwama njiani.

Kisha pima uso wa seli kwa floo saitometria, kipimo kinachosoma seli moja moja, kwa kingamwili inayoshika sehemu ya nje, bila kutoboa utando. Usibandue seli kwa tripsini, itakata kilekile unachotaka kuhesabu; tumia EDTA. Fanya kazi juu ya barafu, kwa sababu kipokezi hiki huzama ndani na kurudi juu kwa takriban dakika 10, na seli yenye joto itameza kingamwili yako.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, simvastatini yangu haifanyi chochote. Nimeongeza dozi mara mbili.*

Ndugu yangu, simvastatini huja ikiwa imejifunga kama laktoni (umbo la pete lisilofanya kazi), na mwilini ndiyo hufunguliwa. Kwenye kisahani ifungue mwenyewe: iyeyushe kwenye ethanoli, ongeza haidroksidi ya sodiamu, ipashe moto kidogo, kisha rudisha pH iwe karibu na 7. Au badili utumie atorvastatini.

*Nitajuaje kama dawa inaongeza kunakiliwa kwa jeni au inaifanya RNA idumu tu?*

Zima unakili kwa aktinomisini D, chukua sampuli kila baada ya muda, uangalie RNA inavyopungua. Ikipungua polepole zaidi penye dawa, ni uimara. Berberini ni mfano mzuri: huongeza RNA ya LDLR kwa kuiimarisha, si kupitia SREBP-2.

*RNA imepanda vizuri, lakini protini ya juu ya seli imepanda kidogo sana. Nimekosea wapi?*

Huenda hujakosea. SREBP-2 ileile huamsha pia jeni ya PCSK9, protini inayotoka nje ya seli, kushika kipokezi na kukipeleka kwenye lisosomu kikaharibiwe. HepG2 huimwaga kwenye maji ya kukuzia, kwa hiyo yakikaa muda mrefu hujirundika. Ni sehemu ya sababu kuongeza dozi ya statini maradufu kwa mgonjwa hushusha LDL kwa takriban asilimia 6 tu zaidi. Pima PCSK9 sambamba na LDLR.

*Mimi nashughulikia CFTR, chaneli ya kloridi inayoharibika katika ugonjwa wa sistiki faibrosisi, yenye mabadiliko ya F508del. Butireti itanisaidia?*

Butireti huongeza unakili, lakini F508del haikunjwi sawasawa, na sehemu kubwa huzuiwa kwenye retikulamu ya endoplazimu na kuvunjwa na proteasomu. Utapata RNA nyingi na chaneli chache. Ndiyo maana dawa kama elexacaftor na tezacaftor husaidia ukunjaji, na ivacaftor hufungua chaneli iliyofika juu. Kwako bloti ianze kabla ya qPCR, na usichemshe sampuli kwa nyuzi 95: CFTR hupenya utando mara 12, na kwa joto hilo hugandana na kubaki juu kabisa ya jeli. Nyuzi 37 kwa nusu saa zinatosha.