Somo: Kukaza Ubadilishaji wa Gia katika Giaboksi ya Otomatiki

Kinachoua giaboksi ya otomatiki mara nyingi ni klachi kuteleza muda mrefu kila gia inapobadilika, kwa kuwa mtelezo huo huzaa joto linalochosha oili na kuunguza sahani za klachi. Watengenezaji huuacha makusudi ili abiria asihisi mshtuko. Sisi tunaupunguza kwa kiti (seti ya vipuri kama springi, pamoja na maelekezo yake), hatuufuti.

Anza kwa kupima. Funga geji kwenye tundu la kupimia shinikizo, kisha linganisha na kitabu cha giaboksi yako, kwani shinikizo likiwa chini kwa sababu ya pampu au sili zilizochakaa, springi mpya haitaliponya.

Simamisha gari juu ya stendi imara, mwaga oili na ufungue sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi). Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, au oili nyeusi inayonuka kuungua, ishia hapo, giaboksi inahitaji kufumuliwa yote.

Shusha bodi ya vali (kipande chenye njia na vali zinazoelekeza oili kwenye klachi) ikiwa imelala sawa, na upige picha kabla ya kugusa chochote, maana gololi moja ikirudishwa pasipo pake, gia nzima inaweza kupotea. Kwenye sahani ya kutenganisha (bamba lenye matundu ndani ya bodi hiyo), panua tundu linalolisha klachi kwa kipimo kilichoelekezwa na kiti chako tu. Nasisitiza hili kwa sababu tundu lililopanuliwa halirudi. Springi ngumu zaidi ya akumuleta (pistoni yenye springi inayolainisha klachi inapokamata) nayo hupandisha shinikizo wakati klachi inakamata.

Kaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kuwa zikizidi, bodi hupinda na vali hukwama. Jaza oili ya aina iliyoelekezwa, kisha ongeza kipoza oili.

Swali: Fundi, giaboksi yangu inaongozwa na kompyuta. Itafaa?
Jibu: Ndiyo, ikiwa kiti ni cha giaboksi hiyo. Futa kumbukumbu za kompyuta kuhusu gia, kisha endesha taratibu ijifunze upya, la sivyo huenda ikafidia mabadiliko yako.

Swali: Kutoka ya kwanza kwenda ya pili inagonga hata nikikanyaga kidogo.
Jibu: Ndugu, usiivumilie, kwani mishtuko hiyo huumiza jointi za shafti. Rudisha springi ya awali kwanza, ujaribu tena.

Swali: Je, nikiweka tu oili nzito zaidi?
Jibu: Hapana. Itachelewa kufika kwenye klachi, na mtelezo utaongezeka.