Kununua Silaha Mtandaoni kwa Mara ya Kwanza Nchini Marekani: Anzia Kwenye Kaunta

Mtu anayefungua tovuti ya kuuzia silaha nchini Marekani kwa mara ya kwanza hukuta mambo yale yale aliyoyazoea anaponunua viatu au simu: picha, bei, kikapu na mahali pa kulipia. Mfanano huo unaishia hapo. Ukishalipa, silaha haiji nyumbani kwako. Hupelekwa kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali ya shirikisho aliye karibu nawe, ambaye wengi humtaja kwa kifupi cha FFL, na ni mbele ya kaunta yake ndipo utakapojaza fomu, utakapochunguzwa, na, mambo yakienda sawa, utakapokabidhiwa mali yako. Kwa kuwa kisheria ununuzi wenyewe hukamilikia kwenye kaunta hiyo, naona ni busara kuanzia huko: mpate kwanza muuzaji wa kukupokelea, zijue sheria za jimbo lako, kisha ndipo uanze kupekua picha.

Utaratibu huu una historia yake. Bunduki iliyotumika kumuua Rais John F. Kennedy mwezi Novemba 1963 ilikuwa imeagizwa kwa posta kutoka duka moja la Chicago, kwa jina la uongo, kwa dola 21 na senti 45 pamoja na gharama za kuituma. Miaka mitano baadaye, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968 ilikomesha biashara ya aina hiyo kwa kumkataza muuzaji mwenye leseni kumtumia silaha moja kwa moja mnunuzi wa kawaida aliye katika jimbo jingine, na ujio wa intaneti haukulegeza sharti hilo. Ndiyo maana mtu anayekuahidi kwamba bastola itafika mlangoni kwako bila fomu wala maswali ni mmoja kati ya wawili: ama ni tapeli asiye na bastola yoyote, ama anakuingiza kwenye kosa la jinai.

Kabla ya kutoa hata senti moja, jiulize kama sheria inakuruhusu kumiliki silaha. Sheria ya shirikisho inamtaka anayenunua kwa muuzaji mwenye leseni awe na umri wa miaka 18 kwa bunduki ndefu, zikiwemo za marisau, na miaka 21 kwa bastola. Inawakataza kabisa waliotiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, waliotiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani hata kama kosa lilihesabiwa kuwa dogo, walio chini ya amri fulani za mahakama za kumlinda mwenza, watoro wa mashtaka, na wanaotumia dawa za kulevya kinyume cha sheria. Hapo kwenye dawa pana mtego unaowanasa wengi: fomu yenyewe inaonya kwamba bangi ni haramu kwa sheria ya shirikisho hata pale ambapo jimbo limeiruhusu, kwa hiyo kuwa na kadi ya jimbo ya kununulia bangi hakukusaidii chochote mbele ya kaunta.

Kwa msomaji aliyehamia Marekani kuna jambo la kulitazama kwa makini zaidi. Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi, anaruhusiwa kununua silaha katika jimbo analoishi, ilimradi asiwe katika makundi yaliyokatazwa, na atatakiwa kuandika namba yake ya uhamiaji kwenye fomu. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe katika mojawapo ya misamaha michache iliyoainishwa, ambao unaojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Aliye nchini bila kibali amekatazwa moja kwa moja. Mtu mwenye shaka juu ya hadhi yake ya uhamiaji asikisie mbele ya muuzaji. Amwone wakili kwanza, kwa sababu jibu la uongo kwenye fomu hiyo ni kosa linaloweza kumgharimu kifungo pamoja na ukaazi wake.

Sheria za majimbo ni msitu wa peke yake. Illinois inamtaka mkaazi awe na kadi ya mmiliki wa silaha kabla ya kununua. New Jersey nayo ina kitambulisho chake cha mnunuzi na kibali cha kila bastola. California ina muda wa kusubiri wa siku 10, na ina orodha ya bastola ambazo wauzaji wanaruhusiwa kuuza zikiwa mpya. Majimbo hayo ya New Jersey na California, pamoja na New York, hayaruhusu magazini inayobeba zaidi ya risasi 10, ilhali toleo la kawaida la bastola nyingi huja na magazini ya risasi 15 au 17. Tovuti nzuri humzuia mteja wa jimbo husika asiagize kisichoruhusiwa, lakini usiiachie tovuti kazi hiyo. Isitoshe, bastola ni lazima ikabidhiwe katika jimbo unaloishi. Bunduki ndefu unaweza kuipokea kwa muuzaji wa jimbo jingine ikiwa sheria za majimbo yote mawili zinaruhusu.

Sasa mtafute muuzaji wa kupokea. Tovuti nyingi huonyesha orodha ya wauzaji walio karibu na anwani yako, lakini kuwemo kwenye orodha hakumaanishi kwamba duka bado linapokea mizigo ya watu wengine, kwa hiyo piga simu. Muulize anatoza kiasi gani kwa uhamisho, yaani kuipokea silaha na kukukabidhi, ada ambayo mara nyingi huwa kati ya dola 25 na 50 japo wapo wanaotoza zaidi, na kama jimbo lina ada yake ya uchunguzi juu ya hiyo. Muulize pia anaihifadhi silaha kwa siku ngapi kabla ya kuanza kutoza ada ya kuiweka, na kama anakubali mzigo uliotumwa na mtu binafsi au anapokea kutoka kwa maduka yenye leseni tu. Namna anavyokujibu itakuonyesha utakavyohudumiwa siku ya kuchukua. Anayekujibu kwa dharau kwa sababu hukununua dukani kwake, mwache, wapo wengine.

Katika kuchagua mahali pa kununua, jihadhari kuliko unavyojihadhari kwenye bidhaa nyingine yoyote, maana matapeli wanajua kwamba mnunuzi mgeni huona aibu kulalamika. Tovuti za uongo hunakili picha na maelezo ya maduka ya kweli, huweka bei iliyo chini mno kuliko kwingine, kisha hudai malipo kwa sarafu za kidijitali, kadi za zawadi au kutuma pesa moja kwa moja kwa jina la mtu. Duka halali hupokea kadi ya benki na lina leseni inayoweza kuthibitishwa. Mamlaka ya shirikisho inayosimamia silaha, ATF, ina ukurasa uitwao FFL eZ Check, ambamo unaingiza tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za namba ya leseni, na unapata jina na anwani ya mwenye leseni hiyo. Iombe namba hiyo. Anwani ikiwa tofauti na iliyo kwenye tovuti, au muuzaji akianza kuzungukazunguka, usilipe.

Weka bajeti kwa jumla ya gharama, si kwa bei iliyo kwenye picha. Bastola inayoonekana rahisi kwa dola 40 kuliko ya duka la mtaani inaweza kuwa ghali zaidi ukishaongeza usafirishaji, kodi na ada ya uhamisho, na ndiyo sababu kwa silaha ya kawaida inayopatikana kila mahali ningemshauri mnunuzi wa mara ya kwanza aende tu dukani, aishike mkononi na kujua kama kiganja chake kinaienea. Mtandao unafaa zaidi kwa kile ambacho hakipatikani karibu. Ikiwa ni silaha iliyotumika, omba picha za ndani ya mtutu na za pande zote mbili, na usome masharti ya kurudisha kabla ya kulipa, si baadaye.

Unapoagiza, tumia jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, mpe muuzaji wa mtandaoni anwani ya yule wa kupokea, na hakikisha nakala ya leseni yake imetumwa kabla mzigo haujaondoka. Kisha subiri akupigie. Usiende siku ambayo ufuatiliaji wa mzigo unasema umefika, kwa sababu ni lazima kwanza auandikishe kwenye daftari lake la mapokezi.

Siku ya kuchukua, fanya ukaguzi kabla ya kugusa kalamu. Muuzaji atafungua boksi, atavuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, na kukuonyesha kwamba chemba, yaani tundu inapokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, ni tupu. Hata baada ya hapo, elekeza mdomo wa mtutu mahali salama na weka kidole chako nje ya kifyatulio. Linganisha namba ya silaha iliyochongwa kwenye fremu, yaani kiunzi chake, na ile iliyo kwenye boksi na kwenye karatasi za mauzo. Tazama kama kuna kutu, nyufa, skrubu zilizochakazwa, au sehemu zisizotembea vizuri. Ukiona kasoro, mwambie hapo hapo kwamba huipokei, naye atairudisha ilikotoka, ingawa huenda ukalipia usafiri. Ukishasaini na kuondoka nayo, kwa maduka mengi hiyo ni silaha iliyotumika, na malalamiko yako yatapelekwa kwa kiwanda chini ya dhamana, si kwa aliyekuuzia.

Fomu utakayojaza ni namba 4473. Utahitaji kitambulisho cha serikali chenye picha, tarehe ya kuzaliwa na anwani unayoishi sasa. Sanduku la posta halikubaliki. Kama umehama na leseni yako ya udereva bado ina anwani ya zamani, beba hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kwa mfano kadi ya usajili wa gari. Andika majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, jambo ambalo mwenye majina matatu yaliyopangwa tofauti kwenye hati mbalimbali anapaswa kulirekebisha mapema. Asiye na jina la kati huandika NMN, kifupi cha Kiingereza cha kusema hana jina la kati, mahali pake. Namba ya hifadhi ya jamii si lazima, lakini mwenye jina linaloshirikiwa na maelfu ya watu hufanya vizuri kuiandika, ili asichanganywe na mtu mwenye rekodi chafu.

Muuzaji atawasilisha taarifa zako kwenye mfumo wa uchunguzi uitwao NICS, unaoendeshwa na FBI tangu Novemba 1998, au kwa ofisi ya jimbo mahali ambapo jimbo linajifanyia kazi hiyo. Majibu huwa matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Mara nyingi jibu huja papo hapo. Ukiambiwa usubiri, si hukumu; siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kukukabidhi, ingawa haimlazimishi, na baadhi ya majimbo hayakubali. Kwa walio chini ya miaka 21, sheria ya mwaka 2022 inaruhusu muda huo ufike siku 10 za kazi. Ukikataliwa, una haki ya kuuliza sababu na kukata rufaa FBI, na mtu anayecheleweshwa kila mara kwa kufanana jina anaweza kuomba namba maalumu ya kumtambulisha katika manunuzi yajayo. Kubishana na mtu wa kaunta hakusaidii. Yeye hajui sababu.

Swali moja katika fomu hiyo linastahili kusomwa mara mbili: linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Rafiki au binamu anayekuomba umnunulie kwa jina lako, huku pesa ikiwa yake, anakuomba uvunje sheria; ikiwa unajua kwamba amekatazwa kumiliki silaha, tangu 2022 kosa hilo lina kifungo cha hadi miaka 15, na adhabu huwa kubwa zaidi silaha ikitumika katika uhalifu mkubwa. Kununua kwa pesa yako ili kumpa zawadi mtu anayeruhusiwa kumiliki ni jambo jingine, na linakubalika. Ndugu anaweza kukasirika ukimkatalia, na akasirike.

Wakati wa kurudi nyumbani, silaha iwe haina risasi, ndani ya boksi lililofungwa, na risasi zikae mbali nayo. Sheria za usafirishaji hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Muuzaji anatakiwa na sheria ya shirikisho kukupatia kifaa cha kufungia unaponunua bastola, na mara nyingi huwa ni kufuli la waya linalopita kwenye chemba. Kufuli hilo ni mwanzo tu. Nyumba yenye watoto inahitaji sefu, na sefu hiyo iwe imefungwa ukutani au sakafuni kabla silaha haijafika. Ikiwa yupo nyumbani mtu anayepitia msongo mkubwa wa mawazo, ahirisha ununuzi. Jiandikishe pia kwenye mafunzo ya mwanzo katika uwanja wa kulengea shabaha. Wakufunzi wengi hupendelea mwanafunzi asiye na mazoea mabaya ya kuyafuta.

Mwisho, piga picha namba ya silaha na risiti, uzihifadhi mahali tofauti na silaha yenyewe. Fomu ya 4473 hubaki kwa muuzaji, na rekodi za uchunguzi ulioruhusiwa hufutwa NICS ndani ya saa 24, kwa hiyo usidhani kwamba serikali itakutunzia kumbukumbu. Ikiibiwa, polisi watahitaji namba hiyo ili waiingize kwenye orodha ya silaha zilizoibiwa.