Somo: Kuigiza mtiririko wa damu kwenye ateri ya ubongo iliyovimba, kwa laptopu na programu za bure

Wakuu, zile picha za ateri iliyopakwa nyekundu na buluu hata mwanafunzi wa wiki moja anazitoa. Ugumu ni kuzitoa zikiwa za kweli. Leo tunashika aneurizimu, kifuko kinachovimba ukutani mwa ateri, kwenye karotidi ya ndani (ateri kubwa inayopanda shingoni kulisha ubongo) inapokaribia duara la Willis, ile pete ya ateri chini ya ubongo. Tutatumia 3D Slicer (kutoa umbo kwenye picha za hospitali), VMTK (kutengeneza umbo la mshipa), OpenFOAM (kukokotoa mtiririko) na ParaView (kutazama matokeo).

Hatua ya 1: Pata umbo. Ukiwa na CT ya mishipa iliyopigwa kwa dawa ya kung'arisha, ifungue kwenye 3D Slicer uchague ateri kwa mwangaza wake. Angalia sana pale kifuko kinapogusana na mshipa jirani, maana programu huviunganisha vikawa kitu kimoja. Usiye na picha, AneuriskWeb wameweka maumbo yaliyokwisha kusafishwa.

Hatua ya 2: Safisha. Kata ncha zikae wima na mshipa, kisha ongeza bomba nyoofu mlangoni kwa VMTK ili damu iingie imeshatulia. Kulainisha kuwe kidogo. Ukizidisha, shingo ya kifuko inapanuka, na shingo ndiyo inayoamua damu inaingiaje.

Hatua ya 3: Vipimo. Hapa nisikilizeni vizuri. Faili la STL, yaani lenye umbo la uso wa ateri, kutoka Slicer liko kwa milimita, OpenFOAM inasoma mita. Mara yangu ya kwanza nilisahau. Kompyuta ikamaliza upesi, picha ikapendeza, nikaituma kwa rafiki yangu daktari. Jioni nikafungua ParaView, nikatazama sehemu ya taarifa za umbo: ateri ya mtu ilikuwa na kipenyo cha mita nne na nusu! Basi, kabla ya yote:

surfaceTransformPoints -scale '(0.001 0.001 0.001)' ateri.stl ateri_m.stl

Hatua ya 4: Meshi, yaani kuligawa umbo katika seli ndogo ndogo za kukokotolea. Anza na seli za milimita 0.2, weka tabaka nyembamba ukutani, kisha rudia kwa seli ndogo zaidi. Jibu likibadilika sana, meshi ya kwanza haikutosha.

Hatua ya 5: Damu. Densiti ni kilo 1060 kwa mita ya ujazo, mnato (ukinzani wa damu kutiririka) 0.0035 Pa·s. OpenFOAM inataka mnato uliogawanywa kwa densiti, yaani 3.3e-6.

Hatua ya 6: Milango. Mgonjwa mwenye picha mara nyingi hajapimwa mtiririko wake, kwa hiyo tunakopa: karotidi ya ndani hupitisha kama mililita 4 kwa sekunde kwa wastani. Ipandishe na kuishusha kwa mapigo ya moyo. Njia za kutokea usiziachie zote shinikizo sifuri ukaondoka. Tumia kanuni ya Murray ya mwaka 1926: mgao unafuata nusu kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu. Matawi yenye nusu kipenyo cha milimita 1.4 na 1.1 yanatoa 2.7 kwa 1.3, yaani theluthi mbili kwa theluthi moja.

Hatua ya 7: Endesha pimpleFoam, kikokotozi cha OpenFOAM cha mtiririko unaobadilika, kwa mapigo matatu, soma la tatu tu. Mawili ya mwanzo bado yamebeba hali uliyoanzia.

Hatua ya 8: Hesabu kwa mkono kabla ya kuamini. Kipenyo milimita 4.5, mililita 4 kwa sekunde: kasi ya wastani inatoka sentimita 25 kwa sekunde, na msuguano wa damu ukutani kama paskali 1.6. Sehemu nyoofu ya ateri ikikupa 0.0015, hukuzidisha kwa 1060, kwa sababu pimpleFoam hutoa shinikizo na msuguano vikiwa vimegawanywa kwa densiti.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Itaweza?
Itaweza. Kadiria GB 1 kwa kila seli milioni moja. Kaa kwenye milioni mbili, uiache usiku kucha, na feni isizibwe na shuka.

Asante mwalimu. Huku kliniki ya selimundu tunapima watoto kasi ya damu ya ubongo kwa ultrasaundi, ikifika sentimita 200 kwa sekunde wanaongezewa damu. Njia hii inafaa?
Kwa kujifunza, ndiyo. Kiwango hicho cha 200 kilitokana na utafiti wa STOP wa Marekani, wa kuzuia kiharusi kwa watoto wenye selimundu, uliochapishwa mwaka 1998. Kasi hupanda kwa sababu mbili: ateri imebanwa, au upungufu wa damu unaufanya mwili kusukuma nyingi zaidi. Kipenyo kikibaki nusu na mtiririko ukawa uleule, kasi ni mara nne. Ila usitumie 0.0035 yangu, damu ya mtoto mwenye upungufu ni nyepesi zaidi. Na matibabu yafuate ultrasaundi.

Kwa hiyo tunaweza kujua kifuko kipi kitapasuka?
Hapana. Wapo watafiti wanaohusisha kupasuka na msuguano mdogo ndani ya kifuko, wengine na mkubwa. Mimi kwenye ripoti naandika msuguano niliopata na mtiririko niliokopa, neno "hatari" namwachia daktari.

Faili la mapigo ya moyo tunalipata wapi?
Kesho nitaweka langu hapa. Liko kwa mililita kwa sekunde, ligeuzeni kwanza liwe kwa mita za ujazo.