Paspoti haikulipii kodi ya nyumba: kwa anayerejea Uingereza kutoka Zanzibar

Ukinipigia simu kutoka Heathrow umeshachelewa. Nipigie ukiwa bado uko Kiembesamaki, masanduku hayajafungwa, hapo naweza kukufaa.

Naandika kwa ajili ya wenzetu walioishi Uingereza wakapata uraia au ukaazi wa kudumu, kisha wakarudi nyumbani kuuguza wazee au kujaribu biashara, na sasa wanataka kurejea Leicester, Northampton au London na watoto wao. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi moja ya ushauri mashariki ya London, nikiwakalimania watu wa kwetu mbele ya maofisa. Maswali ya kule bado yananifuata kwenye simu mpaka hapa Mwanakwerekwe. Wenye nyumba nao wasome, maana siku hizi baadhi yao ni ndugu zetu wenyewe, na mpangaji akikosa pesa hasara inawafika wote wawili.

Watu huchanganya haki tatu: ya kuingia nchini, ya kupanga nyumba, na ya kulipwa benefiti, yaani msaada wa fedha wa serikali. Paspoti ya Uingereza inakupa mbili za mwanzo bila ya maswali mengi. Ya tatu haikupi. Tangu Agosti 1994 kule kuna kipimo cha ukaazi wa kawaida, na mzaliwa wa Birmingham aliyehamia Hispania miaka kumi akarudi anapimwa kama unavyopimwa wewe. Kwa hivyo usianze kununa kwamba unabaguliwa. Nuna baadaye, sasa kusanya karatasi.

Kipimo chenyewe kina sehemu mbili. Ya kwanza inauliza kama sheria inakuruhusu kuishi kule; raia na mwenye ukaazi wa kudumu wanapita. Ya pili ndiyo inayoangusha watu: je, makaazi yako hasa sasa ni Uingereza? Ofisa anatafuta vitu viwili kwa pamoja, nia ya kukaa na muda wa kutosha wa kuwepo. Muda huo haukuandikwa kwenye sheria. Kwa desturi huwa baina ya mwezi mmoja na mitatu. Katika kesi ya Nessa, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya kule mwaka 1999, mama aliyefika kutoka Bangladesh bila ya kuwahi kuishi Uingereza aliambiwa kwamba nia peke yake haitoshi, lazima akae kwanza. Lakini hukumu hiyohiyo ilisema kwamba mtu anayerejea kwenye ukaazi aliokuwa nao zamani anaweza kuwa jambo jengine, na akakubaliwa mapema zaidi. Hiyo ndiyo hoja yako ikiwa uliwahi kuishi kule, na uiandike waziwazi kwenye maombi: narejea nilikokuwa nikiishi, niliondoka kwa sababu hii, na sababu hiyo imekwisha.

Sasa, ithibitishe. Na ushahidi mkubwa uko huku huku Zanzibar, ndiyo maana nakwambia unipigie mapema.

Nenda kwa sheha wa shehia unayoishi akuandikie barua: umeishi hapo tangu lini, ulikuja kwa ajili gani, na kwamba sasa unahama. "Ni mkaazi wangu na ana tabia njema" ni barua nzuri ya harusi, kule haikusaidii kitu. Itafsiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri aeleze kwa mstari mmoja sheha ni nani katika serikali yetu, maana ofisa wa Jobcentre, ofisi ya serikali ya kazi na benefiti, hajapata kumsikia. Kama ulikuja kuuguza, chukua karatasi za hospitali, ziwe za Mnazi Mmoja au za Abdalla Mzee kule Mkoani. Kama mzee ameshatangulia mbele ya haki, chukua cheti cha kifo. Watoto wachukuliwe barua ya uhamisho skuli. Kama ulikuwa umepanga, pata maandishi ya kuonesha umerejesha nyumba. Kama umeuza gari au vyombo, weka risiti. Tiketi iwe ya kwenda tu. Najua mara nyengine ya kwenda na kurudi huwa rahisi zaidi, lakini inamwambia ofisa umekuja kutembea, na utatumia nusu saa kueleza bei za ndege kwa mtu asiyetaka kujua.

Pekua na karatasi za zamani za kule: akaunti ya benki uliyoiacha wazi, namba ya Bima ya Taifa (National Insurance), barua za kodi ya kaunsili (baraza la mji), vyeti vya watoto waliozaliwa huko.

Ukifika, wiki ya kwanza isipite hujajiandikisha kwa daktari wa mtaa na hujaomba nafasi za skuli. Ukiomba kazi, weka nakala ya kila barua pepe. Mahojiano ya kipimo si marefu: kwa nini umerudi, uliondoka lini, nani uko naye hapa, unakusudia kukaa muda gani, umekuwa ukijikimu vipi. Jibu linaloangusha watu wetu ni la adabu. Mtu anaulizwa kama atakaa, anajibu "inshallah, tutaona mambo yatakavyokuwa". Sisi tunaelewa kwamba huyo ameshaamua. Ofisa anaandika kwamba hajaamua. Kama umekusudia kukaa, sema nimekusudia kukaa, kisha inshallah yako iseme moyoni. Na kama kweli hujaamua, usidanganye; subiri uamue ndipo uombe.

Ukikataliwa una mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na ukikataliwa tena unakwenda kwenye baraza la rufaa. Hapo ndipo wengi hukaa kungoja barua. Usingoje. Wakati rufaa inaendelea, peleka ombi jipya, kwa sababu rufaa inaangalia hali yako ilivyokuwa siku ile uliyokataliwa, na ombi jipya linaangalia ulivyo leo, ukiwa na wiki sita au nane zaidi za kukaa. Kijana mmoja wa Wete aliyekuwa amekuja kumuuguza baba yake alingoja jibu la rufaa miezi, kodi ikilimbikizana, na hali alikuwa ameshatimiza kipimo kitambo. Hakuna aliyemwambia aombe tena.

Hata ukikubaliwa siku ya kwanza, malipo ya mwanzo ya Universal Credit, benefiti kuu ya wenye kipato kidogo au wasio na kazi, huchukua kama wiki tano. Malipo ya siku za kabla hujaomba hayazidi mwezi mmoja, nayo yana masharti. Mimi kwa rai yangu, asiye na kodi ya miezi mitatu mkononi asihamishe familia nzima kwa pamoja. Mmoja atangulie, ashike nyumba, apite kipimo, wengine wafuate. Na usitegemee kaunsili ikupe nyumba ukifika, kwani hata msaada wa wasio na makaazi unapitia kipimo hichohicho.

Wengi wetu tunafikia kwa ndugu. Kama kaka yako amekupa chumba na mnakaa nyumba moja, sehemu ya Universal Credit ya kulipia kodi huipati hata mkiandikiana mkataba wa kurasa kumi. Mzazi, mtoto, kaka, dada na wakwe wanahesabiwa jamaa wa karibu, binamu hahesabiwi. Lakini hata kwa binamu lazima upangaji uwe wa kweli: kodi inayolipwa benki kila mwezi, na mtu anayeweza kutolewa asipolipa. Mkataba ulioandikwa leo ukatiwa tarehe ya mwezi uliopita ni jinai, na mwenye nyumba naye anaweza kuingia taabuni.

Nikija kwako mwenye nyumba. Ikiwa nyumba iko England, tangu 1 Februari 2016 unatakiwa kuhakikisha kila mtu mzima atakayeishi humo ana haki ya kupanga, kabla ya kumpa ufunguo. Scotland na Wales sheria hiyo haipo. Raia anaonesha paspoti yake, na hata iliyokwisha muda inakubalika. Mwenye viza ya kielektroniki anakupa namba ya kuangalia hadhi yake kwenye mtandao wa serikali. Usipoangalia na ikaonekana mpangaji hana haki, faini tangu Februari 2024 ni mpaka pauni 10,000 kwa kila mtu kwa kosa la kwanza, na 20,000 ukirejea. Waangalie wote kwa namna moja, akina Smith na akina Khamis. Ukiwaangalia akina Khamis peke yao umebagua, na hilo nalo lina sheria yake.

Ila ukaguzi huo haukwambii kama mpangaji atalipwa benefiti. Nimewaona wenye nyumba wakitazama paspoti wakaona mambo yamekwisha, kumbe mpangaji hajapita kipimo cha ukaazi na hana senti. Muulize kwa upole: umerudi lini, umeshaomba, na mpaka jibu lije utalipa kwa pesa gani? Kumkataa kwa sababu tu anapokea benefiti hakuruhusiwi. Mahakama ya mji wa York ilishasema hivyo Julai 2020, na sheria mpya ya wapangaji ya 2025 imelikaza. Sheria hiyo, kwa wapangaji binafsi wa England kuanzia 1 Mei 2026, inakukataza kuchukua kodi yoyote kabla mkataba haujasainiwa, na ukishasainiwa usichukue zaidi ya ya mwezi mmoja kabla ya upangaji kuanza. Ule mtindo wa kumwambia anayetoka Afrika alete miezi sita kwanza umekwisha. Amana kwa nyumba za kawaida haizidi kodi ya wiki tano. Mdhamini unaweza kumtaka, na kwa aliyerudi juzi ndilo jambo la busara.

Mpangaji akifikia deni la miezi miwili unaweza kuiomba serikali ikulipe kodi moja kwa moja kutoka kwenye Universal Credit yake. Hiyo ni njia nzuri, lakini inafanya kazi pale tu ambapo kuna Universal Credit. Aliyeshindwa kipimo hana cha kukatwa. Kwa hivyo kabla ya kukimbilia mahakamani, ambako sasa unahitaji deni la miezi mitatu ili kutumia sababu ya lazima ya kumtoa, mpeleke ofisi ya ushauri aombe upya. Mpe na mkataba uliosainiwa wenye tarehe halisi ya kuanza, maana karatasi hiyo ni miongoni mwa ushahidi wa ukaazi wake. Mpangaji wako akipita, na wewe unalipwa.

Kwa walioko kule na wanaokuja huku kutembea. Universal Credit inaendelea ukiwa nje kwa muda usiozidi mwezi mmoja, na safari iwe imepangwa hivyo tangu mwanzo. Ukifiwa na mwenza, mtoto au jamaa wa karibu ukiwa safarini, unaweza kuongezewa mwezi mmoja. Wazee wanaopata Pension Credit, nyongeza ya wazee wa kipato kidogo, au msaada wa zamani wa kodi (Housing Benefit) wana wiki nne. Ramadhani yote, Sikukuu na harusi mbili baada yake hazienei humo. Toa taarifa kabla ya kuondoka, usidhani hawatajua.

Na nyumba ya kaunsili usimwachie mtu ufunguo akawa anakutumia kodi Unguja. Tangu sheria ya 2013, kupangisha nyumba hiyo kwa siri ni kosa la jinai England na Wales, na unaweza kuipoteza moja kwa moja.

Aliyemleta mke kutoka Pemba kwa viza ya ndoa aangalie maneno yaliyomo kwenye viza. Mara nyingi yanamzuia kutumia fedha za umma. Mume raia anaweza kuomba Universal Credit, lakini analipwa kama mtu mmoja, ingawa kipato cha mke kinahesabiwa. Mtaje, ila usimwombee malipo ili upewe zaidi. Anayeumia ni yeye, siku ya kuongeza viza.

Pensheni ya uzeeni ni habari tafauti: inakufuata popote, ukiwa na angalau miaka kumi ya michango ya Bima ya Taifa kwa pensheni mpya ya 2016. Ila kwa anayeishi Tanzania haipandi. Kiwango unachoanza nacho huku ndicho utakachokwenda nacho, wakati wenzako waliobaki kule wanaongezewa kila Aprili.

Wengine huniuliza kama wakirudi moja kwa moja watapata Pensheni Jamii ya hapa kwetu. Ilianza Aprili 2016, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya kupandishwa hadi 50,000. Nayo ina sharti la ukaazi: uwe umeishi Zanzibar si chini ya miaka kumi baada ya kutimiza 18. Aliyeondoka akiwa na miaka 30 huenda ameshaitimiza bila ya kujua. Lakini sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hivyo aliyechukua wa Uingereza aanzie Uhamiaji kutengeneza kibali chake cha kuishi, halafu ndipo aende kwa sheha na cheti cha kuzaliwa na karatasi zozote zinazoonesha miaka aliyoishi hapa.