Somo: Kumfuatilia babu mmoja, ndoa zake, watoto na kifo chake

Wakuu, tusianze na ukoo mzima, tutapotea. Chukua mtu mmoja. Tuseme babu mzaa baba, amefia Dar es Salaam, alioa zaidi ya mara moja, na kila shangazi anahesabu watoto wake kivyake.

Hatua ya 1: Anzia kwenye kifo. Tafuta cheti cha kifo. Kama kilisajiliwa, nakala inaombwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Waulize waliosimamia msiba kama wasifu wa marehemu uliosomwa siku ya mazishi bado upo. Nenda na makaburini, Kisutu, Kinondoni au popote alipozikwa, usome bango la kaburi. Andika maneno kama yalivyo, hata jina likiwa limekosewa.

Hatua ya 2: Jalada la mirathi. Hapa ndipo penye utajiri, na wengi hupapita. Mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, huambatana na muhtasari wa kikao cha ukoo: tarehe ya kifo, wajane, watoto, msimamizi aliyependekezwa. Tafuta mahakama ya eneo alilokuwa akiishi, siyo alikozaliwa. Kabla ya kwenda, muulize aliyekuwa msimamizi. Mara nyingi nakala imelala kwenye sanduku lake.

Lakini lisome kwa tahadhari, maana linahesabu warithi tu. Mke aliyeachwa hayumo. Mke aliyetangulia kufa hayumo. Mtoto aliyefariki kabla ya baba anaweza asitajwe kabisa, na wa nje ya ndoa vilevile. Ukiona mtoto ambaye mama yake si mmoja wa wajane, hapo umeshika uzi wa ndoa nyingine.

Hatua ya 3: Ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa iandikishwe, ila kutoandikishwa peke yake hakuifanyi batili. Kwa hiyo kukosa cheti si ushahidi kwamba hakuoa. Kwa Waislamu, ulizia cheti cha BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, iliyoanza 1968. Ndoa za kabla ya hapo, mtafute shehe, walii (aliyemwozesha bibi harusi) au shahidi aliye hai. Kwa Wakatoliki, omba daftari la ubatizo la parokia alikobatizwa: ndoa ya kanisani hutakiwa kuandikwa pembeni ya jina lake.

Hatua ya 4: Watoto. Wapange kwa mama zao, siyo kwa umri. Na angalia majina: mtoto hubeba la baba, kwa hiyo Juma Salum na Salum Juma wanaweza kuwa baba na mwana. Usiwaunganishe mpaka upate kitu cha pili, mama au mtaa. Ukienda kwa mashangazi, shikamoo, kilo mbili za sukari, na usiwe na haraka.

MASWALI

Mbagala: Mkuu, babu alifariki 1958. Hakuna cheti, hakuna mirathi. Nafanyaje?

Jibu: Kaburi na wazee wa msikiti au parokia kwanza. Ulizia kwa matukio: alikufa kabla ya Uhuru, nani alikuwa amezaliwa, nani ananyonya? Kama alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni, jaribu Nyaraka za Taifa, Upanga.

Ilala: Kwenye daftari la babu kuna "1380" kando ya jina la baba mdogo. Ni nini?

Jibu: Yaelekea ni mwaka wa Hijria, kalenda ya Kiislamu. 1380 iliangukia kati ya Juni 1960 na Juni 1961. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wetu wa kawaida, hivyo usitumie tofauti ileile kwa miaka yote.

Tandika: Nimegundua mke wa kwanza, na bibi hataki atajwe.

Jibu: Muandike kwenye daftari lako, usimpeleke kwenye kundi la WhatsApp la familia bibi akiwa hai. Watafute wajukuu wa upande ule kimyakimya. Wakiwa na cheti cha ndoa, omba kukipiga picha, chenyewe kibaki kwao.