Kabla ya kumlisha sungura, tazama kwanza choo chake

Nikiitwa kumwona sungura mgonjwa, huanza na chini ya kizimba. Choo cha sungura mzima ni vitonge vikavu vya mviringo, ukubwa wa mbaazi. Ponda kimoja kwa vidole: utaona chengachenga za nyasi tupu. Vikipungua, vikawa vidogo au vikaungana kwa manyoya mithili ya shanga, tumbo limeanza kusuasua.

Kuna choo cha pili, laini, kilichoshikana kama kishada cha zabibu. Hicho anakila mwenyewe, tena anakichukua palepale kinapotoka. Usimkemee, humo anapata protini na vitamini B zilizotengenezwa na vijidudu vya tumboni mwake. Ukikikuta kimetapakaa sakafuni au kimemgandia matakoni, mara nyingi anapewa pumba na vitamu kupita kiasi, au amenenepa hata hajifikii. Msafishe siku hiyohiyo, maana inzi hutaga hapo na funza huanza kumla akiwa hai.

Nyasi kavu, ukoka kwa mfano, zisikosekane mbele yake usiku na mchana. Ndizo zinazosukuma utumbo na kusaga meno, ambayo hayaachi kukua. Karoti iwe kipande tu, kabichi kidogo sana, mkate hapana (hapo utagombana na watoto wa nyumbani, najua). Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kosa la chakula halina njia ya kurudi.

Wanaokufa sana ni wadogo walioachishwa kunyonya, kwa kuhara kunakoletwa na koksidia, vimelea vidogo vya utumbo. Mayai ya vimelea hivi hayaambukizi yakitoka tu na choo. Huhitaji unyevu na joto kwa siku moja au zaidi. Ndiyo maana kufagia kila siku kunashinda kupiga deki kila Jumamosi. Dawa nyingi za kusafishia nyumba haziyaui. Mtoe sungura, mwagia kizimba maji yanayochemka, kianike juani kikauke kabisa. Chakula kiwekwe kwenye hori, si sakafuni.

Asipokula wala kupata choo kwa saa 12, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja kesho. Na ile amoksisilini iliyobaki kabatini usimnyweshe: huua vijidudu vyema vya tumboni, na sungura huweza kufa kwa dawa yenyewe.